Mumias: Mji Uliopata Riziki Mara Mbili na Kuipoteza Mara Mbili

Mwanzoni mwa karne hii ilikuwa vigumu kuingia katika nyumba ya Mwislamu nchini Kenya wakati wa kufuturu usiione pakiti ya sukari iliyoandikwa Mumias. Ilikuwa karibu na birika la chai, kando ya tende na sahani ya mahamri, na hakuna aliyeuliza ilikotoka. Leo watoto wetu wanalisikia jina hilo katika taarifa za habari tu, nalo hutajwa pamoja na maneno ya madeni, kesi na mrasimu. Tulipojaaliwa safari ya magharibi ya Kenya tuliazimia kufika huko, ili familia yetu ione kwa macho mahali ambapo utamu ule ulitengenezwa, na ijue pia kwamba mji huo una historia ya Kiislamu iliyotangulia kiwanda chake kwa takriban miaka mia moja.

Kutoka Kakamega njia huelekea magharibi, ikipita Shianda, na kadiri gari linavyokwenda ndivyo vilima vinavyolainika na ardhi inavyofunguka. Hapo ndipo miwa huanza. Kwanza huonekana kipande kimoja kando ya mahindi, kisha viwili, na hatimaye huwa ukuta wa kijani kila upande, mrefu kuliko mtu aliyesimama. Kaskazini ya mji unapita mto Nzoia, unaotoka milima ya Cherangani na kumimina maji yake katika Ziwa Victoria. Maji hayo, joto la wastani na mvua inayonyesha karibu mwaka mzima ndivyo vilivyowavuta wataalamu wa sukari. Lakini wao hawakuwa wa kwanza kuvutwa na mahali hapa.

Mji wa misafara

Kabla ya kuitwa Mumias, mahali hapa paliitwa Elureko, nao wasafiri wa pwani walipaita Kwa Sundu, kwa jina la Nabongo Shiundu, mfalme wa Wawanga. Nabongo ni cheo cha ufalme, na ufalme wa Wanga ulikuwa miongoni mwa tawala chache zenye mfalme mmoja katika eneo ambalo leo ni Kenya. Misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka pwani ilifika hapa kutafuta pembe za ndovu na kununua chakula kabla ya kuendelea na safari ya Buganda. Walioleta nguo na shanga walileta pia Kiswahili, kanzu, na swala. Kama ilivyokuwa katika miji mingi ya bara, dini haikuja kwa jeshi bali ilikuja na watu waliofungua mizigo yao kivulini, wakatawadha, wakasimama kuelekea Kibla mbele ya wenyeji.

Shiundu alipofariki, mwanawe Mumia alishika ufalme mwaka 1882. Mwaka uliofuata alifika Mzungu Joseph Thomson, na mwaka 1885 akapita Askofu James Hannington, ambaye hakurudi kutoka Busoga. Mwaka 1889 alifika Frederick Jackson wa kampuni ya Waingereza, na miezi michache baadaye akafika Mjerumani Carl Peters. Jackson alikuwa ametoka kwa safari nyingine. Peters akazifungua barua zake, akazisoma, akajua hali ya Buganda ilivyo, kisha akakimbilia huko ili awahi kutia mkataba. Kisa hiki kinaonyesha Elureko ilivyokuwa wakati ule: mahali ambapo habari za bara zilikutana na habari za pwani, na mwenye kufika hapo mapema alijua mengi kuliko mwenziwe.

Waingereza walifungua kituo chao hapa mwaka 1894, wakiwa na askari wa Kisudani, na mwaka 1895 akaja mtawala wao C. W. Hobley. Mumia aliamua kushirikiana nao. Uamuzi huo ulimletea ukubwa: ndugu zake walipelekwa kutawala jamii jirani, na mwaka 1909 yeye mwenyewe akatangazwa kuwa chifu mkuu. Uamuzi huo huo ulileta machungu pia, kwani mwaka 1895 majeshi ya Waingereza pamoja na wasaidizi wao wa Wanga waliwapiga Wabukusu huko Lumboka na Chetambe, na habari za vita hivyo husimuliwa mpaka leo kwa upande wa walioshinda na kwa upande wa walioshindwa. Mwenye kusoma historia kwa uadilifu hana budi kusikia pande zote mbili.

Katika miaka hiyo Uislamu ulishika mizizi. Wengi katika ukoo wa kifalme walisilimu, na masimulizi mengi humtaja Nabongo Mumia mwenyewe kuwa miongoni mwao. Waislamu wa Mumias wakawa moja ya jamii kongwe za Kiislamu katika Kenya ya magharibi, na kutoka hapa walimu na wafanyabiashara walieneza dini katika masoko ya jirani. Ndiyo maana msafiri wa pwani anayefika leo hajihisi mgeni sana. Atasikia adhana, ataona kofia na mabuibui sokoni, na atakuta wenye mikahawa wanaojua pilau ni nini. Huku anasalimiwa kwa salamu ya Kiluhya, *mulembe*, yenye maana ya amani, kisha kwa *assalaamu alaykum*, ambayo nayo ni amani.

Riziki ya kwanza ya mji ilitokana na njia. Njia ilipohama, riziki ilihama nayo. Mwaka 1901 reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu, kwenye ufuo wa ziwa, na mizigo ya Uganda ikaanza kupanda meli badala ya mabega ya wapagazi. Misafara ikakoma. Kufikia mwaka 1920 makao ya utawala wa wilaya yalikuwa yamehamishiwa Kakamega. Reli ya tawi iliyojengwa baadaye kutoka Kisumu iliishia Butere, mwendo mfupi kabla ya kufika Mumias. Nabongo Mumia aliishi hadi mwaka 1949, akauona mji aliorithi, mji uliowahi kupokea wajumbe wa mataifa, ukigeuka kuwa soko la kawaida la vijijini.

Kiwanda chazaliwa

Sukari haikuwa ngeni nchini. Kiwanda cha kwanza cha Kenya kilijengwa Miwani, karibu na Kisumu, mwaka 1922, na cha pili Ramisi, katika pwani ya kusini, mwaka 1927. Baada ya uhuru serikali ilitaka nchi iache kununua sukari kutoka nje, ikajenga Muhoroni na Chemelil katika miaka ya 1960. Mwaka 1967 ikaikabidhi kampuni ya Kiingereza ya Booker McConnell kazi ya kuchunguza kama miwa ingeweza kustawi Mumias. Booker walikuwa mabingwa wa sukari kutoka Guyana, Amerika ya Kusini, nchi ambayo mashamba yake ya miwa yalianzishwa kwa jasho la watumwa kutoka Afrika na baadaye vibarua kutoka India. Nasi wa pwani ya Afrika Mashariki hatuna haja ya kwenda mbali hivyo kupata mfano: katika karne ya 19 mashamba ya miwa ya bonde la Pangani yalilimwa na watumwa vilevile. Historia ya sukari imejaa watu waliotoa utamu wasiouonja.

Mpango wa Mumias ulikusudiwa kuwa tofauti. Kampuni ya Sukari ya Mumias iliandikishwa mwaka 1971, serikali ikiwa na sehemu kubwa ya hisa, na mitambo ikaanza kusaga mwaka 1973. Kampuni ilipewa shamba lake la katikati, kiasi cha hekta 3,400, lakini miwa mingi ingetoka kwa wakulima wadogo wa pembeni, kila mmoja katika ardhi yake. Mkulima angebaki na shamba, kampuni ingeleta trekta, mbegu, mbolea na gari la kubebea. Ulikuwa mpango mzuri, na kwa miaka mingi ulitolewa mfano katika nchi nyingine za Afrika.

Hata hivyo, shamba la katikati halikuwa pori tupu. Palikuwa na familia zilizoishi hapo, zenye makaburi ya wazee na miti waliyopanda, nazo zililazimika kuhama ili kupisha miwa. Zililipwa fidia, lakini fidia ya fedha huisha mapema kuliko kumbukumbu. Wazee tuliozungumza nao, hata wale waliofaidika na kiwanda, hawakuanza habari zao na ufunguzi wa mitambo. Walianza na habari ya waliohamishwa.

Miwa inavyogeuka sukari

Watoto walitaka kujua namna mti wenye maji unavyogeuka kuwa punje nyeupe, nasi tunaeleza kwa ufupi kwa faida ya wasomaji wadogo. Miwa ikifika kiwandani hupimwa ingali juu ya gari, kwenye mizani iliyochimbiwa ardhini. Kisha hukatwakatwa kwa visu vikubwa na kupita kati ya magurudumu mazito ya chuma yanayoikamua. Maji yanayotoka huchanganywa na chokaa ili uchafu utuame, huchemshwa mpaka yawe mazito kama asali, kisha hupikwa katika vyungu vya chuma vilivyopunguzwa hewa hadi punje zianze kuonekana. Mwisho huzungushwa kwa kasi katika mashine zenye matundu: punje hubaki, na uji mweusi uitwao molasi huchuruzika kando. Makapi makavu ya miwa huchomwa katika boila, na mvuke wake ndio unaoendesha kiwanda kizima. Hivyo muwa hujisaga wenyewe kwa moto wake wenyewe.

Kuna jambo moja hapa ambalo hueleza karibu kila kilichofuata. Muwa ukishakatwa haungoji. Sukari iliyomo huanza kupungua tangu siku ya kwanza, na mzigo wenyewe ni mzito kuusafirisha mbali. Kwa hiyo kiwanda hakina budi kukaa katikati ya mashamba, na mkulima hana budi kumuuzia aliye karibu. Mwenye mahindi anaweza kuyaweka ghalani akasubiri bei, lakini mwenye miwa hawezi. Tena miwa hukaa shambani kati ya miezi 18 na 24 kabla ya kuvunwa mara ya kwanza, na muda wote huo mwenye shamba hana mapato kutoka ardhi hiyo. Biashara ya namna hii husimama juu ya uaminifu zaidi kuliko biashara nyingine, kwa sababu mmoja wa wahusika amekwisha kujitoa mzima kabla mwenziwe hajatoa chochote.

Miaka ya neema

Neema ilikuja kweli, wala si haki kuikanusha. Kiwanda kilipanuliwa mwishoni mwa miaka ya 1970, na baadaye Mumias pekee ikawa inatoa zaidi ya tani 200,000 za sukari kwa mwaka, kiasi cha nusu ya sukari yote iliyotengenezwa nchini. Makumi ya maelfu ya wakulima waliandikishwa. Barabara za vumbi zilichongwa ili magari ya miwa yapite, na barabara hizo hizo ziliwafikisha wagonjwa hospitalini na watoto shuleni. Nyumba za nyasi ziliezekwa mabati. Palijengwa nyumba za wafanyakazi, shule na viwanja vya michezo, na timu ya soka yenye jina la kiwanda ikacheza ligi kuu ya taifa. Watu walikuja kutoka kila pembe: mafundi wa mitambo, madereva, makarani, wakata miwa wenye mapanga, na akina mama wa chakula waliowapikia wote hao.

Mwaka 2001 hisa za kampuni ziliuzwa katika soko la hisa la Nairobi, na wakulima na wafanyakazi wengi wakanunua, wakiona fahari kumiliki hata sehemu ndogo ya kile walichokijenga. Mwaka 2009 kiwanda kilianza kuuza umeme uliotokana na makapi, kiasi cha megawati 26 zikiingia katika gridi ya taifa. Mwaka 2012 ukafunguliwa mtambo wa kutengeneza ethanoli kutokana na molasi. Aliyeitazama Mumias kwa nje katika mwaka huo angeapa kwamba hakuna kiwanda imara kama hicho katika Afrika Mashariki.

Lakini ndani ya nyumba za wakulima hesabu ilikuwa imeanza kuharibika zamani. Mkulima hakupewa trekta, mbegu na mbolea bure, alikopeshwa, na mkopo ulikuwa na riba juu yake. Gharama za kukata na kubeba nazo zilikatwa katika malipo. Mwenye ekari nyingi zenye mavuno mazuri alibaki na kitu. Mwenye ekari moja, mvua ikimpunguzia mavuno au gari likichelewa hata miwa ikakauka, alipokea karatasi yenye hesabu ndefu na chini yake salio dogo. Wapo waliopokea karatasi iliyoonyesha kwamba wao ndio wanaodaiwa, baada ya kungoja karibu miaka miwili.

Pia kulikuwa na suala la chakula. Aliyepanda miwa hadi mlangoni hakubakiwa na mahali pa mahindi, maharage wala mboga. Alipokuwa na fedha alinunua unga, na zilipokwisha alinunua kwa mkopo dukani. Kwa kawaida mkataba uliandikwa kwa jina la mume na malipo yalikwenda mkononi mwake, ilhali palizi ilikuwa kazi ya mke na watoto. Siku ya malipo mji ulichangamka. Waume waliomcha Mungu walirudi nyumbani na fedha wakakaa na wake zao kupanga ada za shule. Wengine walirudi baada ya siku tatu, mifuko mitupu. Akina mama wa Mumias wanalijua somo la nafaka na nafaqa kuliko sisi tunaolisikia darsani.

Kuanguka

Kuanguka kwa kiwanda hakukuwa na sababu moja. Sukari ya Kenya ilikuwa ghali kuitengeneza kuliko ya nchi jirani, na ilidumu sokoni kwa ulinzi wa serikali dhidi ya sukari ya nchi za COMESA. Sukari ya magendo iliingia nchini na kushusha bei. Viwanda vipya vilifunguliwa karibu na Mumias na kununua miwa ambayo mbegu na mbolea yake ilikopeshwa na mwingine. Malipo ya wakulima yakaanza kuchelewa, kwanza wiki, kisha miezi, kisha mwaka. Mkulima asiyelipwa hakupanda tena, au aliuza miwa changa kwa yeyote mwenye fedha mkononi, na kiwanda kisicho na miwa ya kutosha kikazidi kupata hasara. Juu ya hayo yote zilikuwapo tuhuma za uendeshaji mbaya na ufisadi zilizochunguzwa na Bunge na kufikishwa mahakamani. Serikali iliingiza fedha za kuokoa jahazi zaidi ya mara moja, lakini jahazi liliendelea kuingia maji.

Mwaka 2018 mitambo ilisimama. Mwezi Septemba 2019 benki ya KCB, mmoja wa wadai wakubwa, iliiweka kampuni chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayeshika mali ya mdaiwa kwa niaba ya mdai. Mwishoni mwa mwaka 2021 kampuni ya Sarrai kutoka Uganda ilipewa mkataba wa kukodi kiwanda kwa miaka 20. Mwezi Aprili 2022 mahakama ikaubatilisha mkataba huo, na tangu hapo kesi zimefuatana. Hata hivyo usagaji ulianza tena, na mwanzoni mwa mwaka 2025 wakulima waliouza miwa yao hapo walilipwa bonasi, neno ambalo wengi walikuwa wamelisahau. Matumaini yapo, ila watu wamejifunza kutumaini kwa tahadhari.

Mji wenyewe haukufa. Soko linauza, bodaboda zinapishana, matatu za Kakamega, Bungoma na Busia zinaita abiria. Lakini alama za pigo zinaonekana kwa mwenye kuangalia: vyumba vya biashara vilivyofungwa, vijana walioenda Nairobi na nchi za Ghuba kutafuta kazi ambazo baba zao walizipata umbali wa kutembea kwa miguu, na wafanyakazi wa zamani wanaoendelea kudai mafao yao. Wengine wameng'oa miwa wakarudia mahindi, viazi vitamu na mboga. Wengine wamepeleka miwa kwenye mashine ndogo za vijijini zinazotengeneza sukari guru, ile ya kahawia inayofungwa kwa majani makavu. Ni kazi ya moshi na joto, malipo yake si makubwa, lakini malipo hutolewa siku hiyo hiyo.

Mazingatio kwa familia

Tulipokaa baada ya swala ya Alasiri kuyazungumza tuliyoyaona, kila mmoja wetu alikuwa na lake, nasi tunaweka hapa machache ambayo tunaona yanazifaa familia za wasomaji wetu popote zilipo.

La kwanza ni mkataba. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani tukufu inahusu kuandika deni, kuweka mashahidi na kumlinda aliye dhaifu asidhulumiwe katika maandishi. Wakulima wengi waliweka kidole gumba kwenye karatasi ambayo hawakusomewa mpaka mwisho. Katika kila nyumba leo kuna kijana aliyesoma. Ni wajibu wake kumsomea mzazi wake mkataba neno kwa neno kabla hajautia sahihi, uwe wa miwa, wa chai, wa alizeti au wa simu, na kumwonyesha mahali riba ilipojificha.

La pili ni mizani. Surat al-Mutaffifin inawaonya wenye kupunja vipimo, na mara nyingi tunaisoma tukimfikiria muuza nyama au muuza sukari dukani. Mizani ya lori nayo ni mizani. Muda wa malipo nao ni kipimo: aliyeahidi kulipa kwa mwezi akalipa kwa mwaka amepunja, hata kama hesabu ya shilingi ni kamili. Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) ametufundisha kuharakisha ujira wa mfanya kazi. Na tusiyaelekeze haya kwa makampuni tu. Tujiulize sisi wenyewe msichana wa kazi nyumbani na kibarua aliyejenga ukuta wetu wamelipwa lini.

La tatu ni ardhi na mirathi. Babu aliyejiandikisha mwaka 1973 na ekari kumi aliacha watoto, nao wakaacha watoto. Sheria ya mirathi ni ya haki, kila mmoja na fungu lake, wanawake kwa wanaume. Lakini fungu la mjukuu leo huenda ni ekari moja au nusu yake, na zao linalongoja miaka miwili halilishi watu sita kwa nusu ekari. Familia zenye busara tulizozikuta zimegawana haki bila ya kukatakata shamba: ardhi inalimwa kwa pamoja, mavuno yanagawanywa kwa mafungu ya sheria, na sehemu ya chakula haiguswi kamwe na zao la biashara.

La nne ni akiba. Nabii Yusuf (a.s.) aliifundisha Misri kuweka akiba katika miaka saba ya neema kwa ajili ya miaka saba ya dhiki. Mumias ilipata zaidi ya miaka thelathini ya neema. Waliokumbuka kusomesha watoto wa kike na wa kiume, kupanda miti, kununua ng'ombe wa maziwa au kufungua duka wakati miwa inalipa ndio waliobaki wamesimama mitambo iliponyamaza. Wala hatusemi haya kwa kuwalaumu waliodhulumiwa, kwani aliyenyimwa haki yake hakukosa busara, alikosa mlipaji. Tunayasema kwa sababu kila mji wetu una Mumias yake. Tanga ilikuwa na mkonge, pwani ya Kenya ilikuwa na korosho za Kilifi na sukari ya Ramisi, na kila mmoja anajua yaliyotokea.

Anayetaka kuzuru, njia ni rahisi: matatu hupatikana kutoka Kisumu na Kakamega siku nzima. Siku nzuri ni Ijumaa, ili msafiri aswali pamoja na wenyeji, kisha awaulize wazee historia ya Nabongo na misafara, kwani hadithi hizo wanazisimulia vizuri kuliko kitabu chochote. Achukue sukari guru kutoka kwa akina mama wa sokoni, asipunguze bei sana. Na akipita kando ya mashamba awaonyeshe watoto wake muwa uliosimama, awaambie kwamba umeshakaa hapo mwaka na nusu, kwamba kuna mtu aliyeupalilia muda wote huo, na kwamba mtu huyo bado hajui atalipwa siku gani.